Baba mdogo ndiye mwajiri wangu, na taarifa yake ndiyo iliyoninyima fidia

Kamwene Mshauri, na shikamoo.

Nina miaka 32, naishi Mafinga na mke wangu na watoto wawili. Kwa miaka minne nimefanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao ambacho mwenyewe ni baba yangu mdogo. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Huyu ndiye aliyenichukua, akanisomesha hadi kidato cha nne, kisha akanipa kazi. Hata chumba na sebule ninamoishi viko kwenye kiwanja chake.

Kazi yangu ilikuwa msumeno wa kunyoosha kingo. Magogo ya msindano yakishapasuliwa kwenye mashine kubwa, mimi napitisha vipande, naondoa magamba pembeni ili itoke mbao ya inchi 2 kwa 4 au 2 kwa 6. Nilikuwa nalipwa kila Jumamosi kwa simu, ikijumlishwa inafika kama 300,000 kwa mwezi. Mkataba wa maandishi sina. Hakuna mwenye nao pale zaidi ya mhasibu na dereva.

Mwaka jana kipindi cha baridi msimamizi alinipigia Jumamosi usiku akasema kuna oda ya 2 kwa 6 inatakiwa kupakiwa Jumatatu, tuje Jumapili tumalizie. Tulikuja wanne. Kinga ya ule msumeno ilishatolewa siku nyingi kwa sababu ilikuwa inachelewesha kazi. Kipande kilikwama, nikakisukuma kwa mkono, kikaruka, mkono wa kulia ukaingia. Kidole cha shahada na cha kati vimeondoka, cha pete kipo lakini hakikunjiki.

Baba mdogo alinipeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe, akalipa kila kitu, hadi upasuaji Iringa. Nilikaa nyumbani miezi kadhaa, halafu akanipa kazi ya getini kwa 150,000. Dai la fidia lilijazwa na mhasibu, mimi niliweka dole gumba tu. Wiki chache zilizopita nimepokea barua kwamba dai limekataliwa. Inasema kwa mujibu wa taarifa ya mwajiri, ajali ilitokea siku ya mapumziko wakati nachana mbao zangu binafsi, na kwamba mimi ni kibarua asiye na mkataba.

Nilimwonyesha baba mdogo. Aliisoma, akaikunja, akaniambia: “Hayo ni maneno ya mhasibu. Tulia, mimi nipo, hutalala njaa.” Tangu siku hiyo hatujaligusa tena. Mama anasema mtoto hampeleki baba yake serikalini. Mke wangu anasema baba mdogo ana watoto wake wa kuwarithisha, mimi nitabaki na geti. Wenzangu tuliokuwa nao Jumapili ile wakiniona wanabadilisha mazungumzo.

Nikikata rufaa ni kama nasimama na kusema aliyenilea ni mwongo. Nikinyamaza, mkono wangu umekwenda bure. Na siku hizi nikisalimiana na watu natoa wa kushoto, wa kulia nauacha mfukoni. Nisaidie kufikiri.

Wa Getini, Mafinga

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, kamwene. Pole sana kwa mkono, na pole kwa kubeba jambo hili katikati ya mama, mke na mzee aliyekulea.

Nirudie kwanza nilivyokuelewa. Hakuna anayebisha kwamba umeumia, wala kwamba msumeno ni wa kiwanda. Kinachobishaniwa ni mambo mawili tu: Jumapili ile ulikuwa unafanya kazi ya nani, na wewe ni nani pale kiwandani. Kwa bahati mbaya majibu yote mawili yametoka kwa upande wa mtu unayemwita baba. Ndiyo maana kichwani mwako rufaa imeshageuka kesi ya mtoto na mzazi wake. Naomba tuitazame kama ni lazima iwe hivyo.

Unasema baba mdogo ametoa taarifa ya uongo. Lakini ulichokisoma ni barua ya kukataliwa, ambayo imefupisha taarifa ya mwajiri kwa sentensi mbili. Taarifa yenyewe hujaiona. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu aijue, na viwanda vingi vidogo hujaza fomu hiyo mbiombio, anayeshika kalamu akiwa mtu ambaye hakuwepo. Inawezekana mzee alisaini karatasi bila kuisoma. Inawezekana pia aliyapanga maneno hayo yeye mwenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti na yanataka mazungumzo tofauti, kwa hiyo kabla hujaamua ni lipi, omba nakala. Mwandikie barua fupi Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukitaja namba ya dai lako, uombe nakala ya taarifa ya ajali na nyaraka zilizotumika kufanya uamuzi. Tazama nani amesaini, tarehe gani, na palipoandikwa “maelezo ya tukio” pamejazwa na nani.

Jambo la pili: katika barua yako yote naona kama unadhani ukishinda, mzee ndiye atakayelipa. Sivyo. Mfuko ulianzishwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, namba 20 ya mwaka 2008, ili mfanyakazi akiumia asianze kuvutana na tajiri yake. Mwajiri anachangia kila mwezi, kwa sasa 0.5% ya mishahara anayolipa, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Kwa mshahara wa 300,000 ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Fidia inatoka humo. Na Mfuko haulipi kwa kutafuta nani alizembea. Hili lishike vizuri, kwa sababu ile kinga iliyotolewa kwenye msumeno, ambayo nahisi inakuuma wewe na inamtisha yeye, si lazima iwe hoja ya rufaa yako. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi.

Basi anaogopa nini? Mimi simjui, nakisia tu kwa kuwa viwanda vya mbao vinafanana. Huenda nyinyi vibarua hamkuwahi kuingizwa kwenye hesabu ya mishahara anayoipeleka Mfuko, na akikiri kwamba wewe ni mfanyakazi wa miaka minne atadaiwa michango ya nyuma pamoja na adhabu. Huenda anaogopa watu wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wakija kuuona msumeno usio na kinga. Au mtu fulani alimwambia kazi ya Jumapili ni kosa. Hilo la mwisho si kweli: sheria ya ajira inaruhusu kazi siku ya mapumziko mkikubaliana, ila kila saa inalipwa mara mbili. Hofu hizi hazimpi ruhusa ya kukunyima haki, lakini ukizijua utajua uzungumze naye kuhusu nini.

Sasa la kibarua. Watu wengi wanakufa na haki zao kwa sababu ya neno hili. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na shauri likifika mbele ya sheria akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Zaidi ya hapo, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, namba 7 ya mwaka 2004, kinasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama lipo jambo moja tu kati ya kadhaa yaliyotajwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, ni sehemu ya shughuli ya taasisi, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi 3 iliyopita, anamtegemea huyo mtu kwa kipato, anapewa vifaa, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Wewe kwa maelezo yako unayo karibu yote. Saa 45 kwa mwezi ulikuwa unazimaliza ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo kizingiti kikubwa si ukibarua wako. Ni zile “mbao binafsi”, na hapa nitakuuliza swali ambalo hutalipenda. Katika barua yako umeeleza oda, simu ya msimamizi, wenzako watatu. Hujasema popote kwamba hujawahi kuchana vitu vyako pale. Viwanda vingi vya Mufindi wafanyakazi hupewa mabanzi, yale mabaki ya pembeni ya gogo, na wengine huyapitisha kwenye msumeno siku za utulivu wapate fito za kuuza. Kama na wewe ulikuwa ukifanya hivyo, na hasa kama siku ile palikuwa na rundo lako pembeni, jambo hili litajulikana. Ni heri liandikwe na wewe mwenyewe: kwamba mabanzi tulikuwa tunaruhusiwa, lakini saa ile kwenye msumeno palikuwa na 2 kwa 6 za oda. Rufaa nyingi huvunjika kwenye jambo dogo lililofichwa, kwa sababu msomaji wa jalada akishakukamata kwenye dogo haamini tena kubwa.

Ushahidi unao mwingi kuliko unavyodhani, na mwingi hauhitaji mtu yeyote asimame dhidi ya mzee.

Wa kwanza ni kadi ya mapokezi ya hospitali uliyofikishwa siku ile. Mhudumu aliandika tarehe, saa, na chanzo cha jeraha kabla mgogoro wowote haujazaliwa, na ndiyo maana karatasi hiyo ina nguvu kuliko maelezo yaliyoandikwa baadaye. Nenda masjala ya hospitali uombe nakala iliyogongwa muhuri. Kama imeandikwa “amekatwa na mashine kazini”, umepiga hatua kubwa. Kama imeandikwa “ajali ya nyumbani”, jambo linalotokea sana pale anayejieleza ni mtu aliyemleta mgonjwa, ni bora ulijue mapema na ueleze katika rufaa nani alitoa maelezo hayo, wewe ukiwa katika hali gani.

Wa pili uko kwenye simu. Omba kampuni ya simu taarifa ya miamala ya mwaka mzima kabla ya ajali. Malipo ya kila Jumamosi kutoka namba ileile, kiasi kinachokaribiana, yanajibu swali la kibarua bila hata shahidi. Tafuta pia kama kuna malipo yaliyoingia kwa ajili ya Jumapili ile. Ujumbe wowote wa msimamizi kuhusu oda usiufute. Upige picha huku namba na tarehe vikionekana. Kama alikupigia tu, orodha ya simu zilizopigwa usiku ule nayo ni kitu.

Wa tatu ni mbao zenyewe. Oda iliyopakiwa Jumatatu haiwezi kufika mbali bila TP, yaani kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na TP ina tarehe, aina ya mbao na kiasi. Kama lori liliondoka Jumatatu na 2 kwa 6 za msindano, karatasi hiyo inaeleza Jumapili mlikuwa mnafanya nini. Hutaipata kirahisi ukiwa getini, lakini getini ndipo magari yanapoandikwa. Daftari la mageti la siku ile, na daftari la hesabu ya mbao analojaza msimamizi, yataje kwenye rufaa na uombe Mfuko uyaitishe. Usiyachukue. Ukikutwa na daftari la kiwanda kwenye begi, rufaa ya mkono itageuka kesi ya wizi.

Mashahidi nimewaweka mwisho kwa makusudi. Wenzako wale hawakukuchukia. Wanaogopa kulala bila kazi. Ukiwabana utawapoteza, na pengine watasaini karatasi ya upande wa pili. Fikiria kama kuna aliyeshaondoka pale, akaenda Makambako au Njombe kwenye viwanda vingine. Huyo yuko huru zaidi. Maelezo yake yaandikwe kama hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo mwingine, yaseme aliona nini yeye mwenyewe: saa ngapi, nani aliwaita, mbao gani zilikuwa kwenye msumeno. “Nilisikia kwamba” haisaidii. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nayo, ambayo watu huikimbilia, inathibitisha unapoishi na wewe ni nani. Ajali haithibitishi, maana yeye hakuwepo.

Kuna kitu ambacho hukukigusa kabisa. Umeandika kana kwamba fidia ni “pesa ya vidole”. Dai likikubaliwa kuna mafao zaidi ya moja. Kuna matibabu. Kuna fao la ulemavu wa muda, 70% ya mshahara kwa kipindi ambacho hukuweza kufanya kazi, hadi miezi 24. Kwa 300,000 yako ni 210,000 kwa kila mwezi uliokaa nyumbani. Halafu kuna ulemavu wa kudumu, ambao unapimwa kwa asilimia: 30% au chini hulipwa kwa mkupuo, zaidi ya 30% inakuwa pensheni ya kila mwezi. Ndiyo maana ripoti ya daktari ni jambo la kusimamia. “Amekatika vidole viwili” haitoshi. Iandikwe ni mkono gani na kama ndio unaoutumia, kidole gani kimekatikia pingili ya ngapi, cha pete kinakunjika kiasi gani, nguvu ya kushika imebaki kiasi gani, kama unaweza kubana kitu kidogo kati ya dole gumba na kilichobaki, kama kuna ganzi au maumivu pale baridi inapozidi. Na kipimo hiki kinafanywa jeraha likishafikia mwisho wa kupona. Ukikimbilia mapema, ugumu wa kidole cha pete unaweza usihesabiwe kama wa kudumu. Watu wengine watakwambia uende NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Pensheni ya ulemavu ya kule inataka uwe umepoteza theluthi mbili ya uwezo wako wa kujipatia kipato, na uwe na michango; ni mlango mwingine kabisa.

Tuje kwenye njia ulizo nazo. Nitazisema na hatari zake, kuchagua ni kwako.

Unaweza kunyamaza. Usione aibu kuifikiria njia hii. Una kiwanja chake chini ya miguu na watoto wawili. Hatari yake ni kwamba ahadi ya “mimi nipo” inaishi kadiri anavyoishi yeye na kadiri kiwanda kinavyosimama, na haijaandikwa popote. Pia muda wa rufaa hauongezeki kwa sababu ya huruma. Ukinyamaza mwaka huu, mwakani huenda hakuna cha kuamua.

Unaweza kwenda kwake kwanza na kumwomba arekebishe taarifa. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ambayo mama yako angeweza kuikubali, kwa kuwa mtoto anakwenda kwa baba kabla ya kwenda ofisini. Lakini usiende mikono mitupu wala na lawama. Nenda na mtu anayemsikiliza, kaka wa ukoo au mzee wa kanisa lenu, na uwe na rasimu ya barua ambayo yeye angeisaini: kwamba taarifa ya awali ilijazwa na mtu asiyekuwepo, na kwamba siku ile wafanyakazi waliitwa kumalizia oda. Mwambie wazi kwamba fidia hailipwi na yeye. Mwambie pia ukweli mwingine: kwamba michango ya nyuma anaweza kudaiwa, na kwamba kuacha taarifa isiyo kweli isimame ni hatari kwake kuliko kuirekebisha mwenyewe. Hatari ya njia hii ni muda. Akisema “ngoja nizungumze na mhasibu”, wiki zitapita, wewe ukimheshimu, na siku za rufaa zinakwisha. Mpe tarehe ya jibu, na tarehe hiyo iwe mapema kuliko siku yako ya mwisho. Hatari ya pili ni kwamba akishajua unataka kukata rufaa, ujumbe na madaftari yanaweza kupotea, si lazima kwa mkono wake. Kadi ya hospitali na miamala ya simu ni vyako. Hakuna utovu wa adabu kuwa navyo kabla hujaenda kumsalimia.

Na unaweza kukata rufaa mwenyewe, kwa lugha isiyomtukana mtu. Sheria inampa asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi Mkuu njia ya kwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Soma barua yako ya kukataliwa mstari kwa mstari uone muda uliotajwa, na uandike juu yake siku uliyoipokea. Unaweza pia kuuandikia Mfuko upitie upya dai kwa ushahidi mpya, ila usiache siku za rufaa ziishe ukisubiri jibu hilo. Usipeleke dai la fidia CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; Tume ile inashughulikia migogoro ya ajira kama kuachishwa kazi, na wengi wamerudi kutoka huko na muda umeshakwisha.

Barua ya rufaa isizidi kurasa mbili. Namba ya dai, tarehe ya uamuzi, tarehe uliyoupokea. Kisha sababu yao ya kwanza na jibu lako pamoja na kiambatisho, sababu ya pili na jibu lako pamoja na kiambatisho. Mwisho sema unachoomba: uamuzi utenguliwe, ajali itambuliwe kuwa imetokana na kazi, dai liendelee kwenye tathmini. Badala ya “baba yangu mdogo amedanganya”, andika “taarifa iliyowasilishwa haikueleza kwamba wafanyakazi wanne waliitwa siku hiyo kwa ajili ya oda”. Ni kweli ileile, na haimfungii mzee mlango wa kurudi. Historia ya umaskini wako iwe sentensi moja au isiwepo. Peleka nakala mbili, yako igongwe “imepokelewa” na tarehe. Ukituma kwa EMS ya posta, risiti uitunze pamoja na nakala. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawatozi. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako anawajua. Afisa Kazi wa mkoa, pale Iringa, naye anaweza kuisoma kabla hujaituma.

Hatari ya njia hii unaijua kuliko mimi: geti na kiwanja. Kuhusu geti, sheria haimruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa sababu tu ametumia haki aliyopewa na sheria, na akifanya hivyo unayo siku 30 kwenda CMA, hapo ndipo mahali pake. Kuhusu kiwanja sheria ya kazi haina la kusema. Zungumza na mkeo kwa utulivu: mkitakiwa kuondoka, mtakwenda wapi, kwa kodi ya kiasi gani, kwa miezi mingapi. Ukiwa na jibu la swali hilo utaona kama unachoogopa ni kukosa pa kulala au ni kumkosa mzee, maana dawa zake ni tofauti.

Mama yako anasema mtoto hampeleki baba yake serikalini. Mweleze kwamba karatasi ilishakwenda serikalini, ikiwa na jina lako na maneno ambayo hukuyasema. Pengine hakuna aliyemwambia hivyo. Pengine pia ana sababu yake ya kuogopa, deni la fadhila la siku za msiba wa baba yako ambalo wewe hulijui. Muulize, umsikilize hadi mwisho kabla hujamjibu.

Na mkono wa kulia, utoe mfukoni ukiwa tayari, usilazimishwe na mtu. Ila ukienda kupimwa, usimfiche daktari hata kidogo: mwonyeshe unavyofunga kifungo cha shati, unavyoshika kalamu, unavyoshindwa kushika nyundo. Mwambie mkeo aende na wewe, kwa kuwa yeye anayaona nyumbani mambo ambayo wewe umeshayazoea na hutakumbuka kuyataja, na awe ameyaandika kwenye karatasi kabla hamjaingia.